Mzima Hanunui Dawa

Hapa Mwala kila mtu ni daktari wa kifua isipokuwa daktari wa kifua mwenyewe, ambaye kumwona ni kupanda matatu mbili na kulala kwa jamaa. Kohoa mara moja tu pale poshomili, na kabla debe lako halijasagwa utakuwa umeshatibiwa na watu ambao hata hukuwasalimia. Mama wa mboga atakuambia tangawizi na asali. Kijana wa bodaboda atakuambia, "Mwalimu, jifukize mwarobaini, mjomba alipona kabisa." Mwenye poshomili, ambaye unga wake ndio uliokukohoza, atakushauri uache maji baridi. Na mzee mmoja wa kanisa, mwenye sauti ya kufunga mjadala, atatoa hukumu ninayoisikia tangu nikivaa kaptula: "La muhimu usiguse inhela. Ukiizoea, utazikwa nayo."

Nina pumu tangu utotoni, na juu yake nikaongeza maisha mazima ya kuvuta chaki ya serikali mpaka nilipostaafu. Inhela bado sijazikwa nayo. Mazishi niliyohudhuria ya watu wa pumu yalikuwa zaidi ya wale walioiogopa. Lakini leo sitaki kugombana na mzee wa kanisa, maana yeye angalau ana msimamo. Nina ugomvi mkubwa zaidi, na watu wengi zaidi, ukoo wangu ukiwa mstari wa mbele: ugomvi na desturi yetu ya kutonunua dawa mpaka mtu awe amebebwa.

Tuanze na kifua chenyewe, kwa kuwa hapa kinazungumzwa sana na kueleweka kidogo. Pumu hukufanyia mambo mawili kwa mpigo. Misuli inayozunguka mirija ya hewa hukaza, na utando wa ndani ya mirija hiyo huvimba na kutoa makamasi mazito. Inhela ya bluu, ile yenye salbutamoli, hulegeza misuli. Ndani ya dakika chache kifua kinaacha kupiga filimbi, mtu anasema Mungu ni mwema, anarudi kupura ndengu katika vumbi lilelile. Baada ya saa nne au zaidi kidogo, nguvu ya dawa imekwisha. Uvimbe haukuguswa hata kidogo. Uvimbe una dawa yake, steroidi ya kuvuta, ambayo mara nyingi huja katika inhela ya rangi ya kahawia. Hiyo haina haraka. Huchukua siku, hata wiki, na haikupi ishara yoyote kwamba inafanya kazi, isipokuwa kwamba usiku unalala na mwenzako pia analala.

Ni habari ya paa la mabati linalovuja. Ya bluu ni karai unaloweka chini ya tundu mvua ikinyesha. Ya kahawia ni fundi anayepanda juu wakati wa kiangazi. Sasa niambie, nani hapa Mwala amewahi kumwita fundi wakati wa kiangazi? Jua linawaka, mbingu nyeupe, mbuzi wenyewe wametafuta kivuli, halafu wewe umlipe mtu apande juu ya nyumba kuziba tundu ambalo halivuji? Majirani watasema pesa zimekuwasha. Tunangoja Novemba, tunangoja godoro lilowe, ndipo tunampigia fundi simu, naye siku hiyo ana nyumba kumi zinazomngoja na bei ameipandisha.

Kwa hiyo mzima hanunui dawa. Mzima ana karo, ana mbegu, ana chama, ana mchango wa harusi ya mtu asiyemjua hata jina la pili. Lakini hali ikigeuka, utauona ukarimu wetu. Mtu akizidiwa usiku wa manane, gari litapatikana. Akilazwa, kundi la WhatsApp litafunguliwa, mweka hazina atateuliwa, na orodha ya waliochanga itabandikwa kila baada ya nusu saa ili wasiochanga waone haya. Na akifa, Mungu apishie mbali, tenti, viti, ng'ombe na vipaza sauti vitatoka palepale ambapo pesa ya inhela ilikosekana. Niliwahi kupendekeza kwenye kundi la ukoo tumnunulie binamu yetu inhela ya kuzuia, angali anatembea na kulima. Kukawa kimya. Kisha mmoja akauliza, "Kwani amelazwa hospitali gani?"

Kwa kuwa usingizi wa mwenye pumu ni wa mapande mapande, mimi husoma usiku kwenye simu. Na jambo la kwanza lililonifurahisha ni kuona kwamba inhela yenyewe ilizaliwa na mnung'uniko. Mwaka 1955 huko Marekani, binti wa miaka 13 aitwaye Susie Maison alichoshwa na kifaa chake cha kioo cha kubinyabinya kwa mkono, akamuuliza baba yake kwa nini dawa isitiwe kwenye kopo la kupuliza, maana dawa ya nywele ilikuwa tayari inauzwa hivyo. Baba yake, George Maison, alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker. Mzazi mwingine angemwambia mtoto anyamaze ale. Huyu alikwenda kazini kuwasumbua watu wake, nao wakatumia vali ya kupimia iliyokusudiwa manukato, na mwaka 1956 inhela ya kwanza ya kubonyeza ikaingia sokoni. Wale mnaoniuliza kwa nini nalalamika kila toleo, jibu lenu ni hilo. Siku moja mtu ataninyamazisha kwa kutengeneza kitu.

Mnung'uniko uliofuata ulikuwa wa vilio. Miaka ya 1960, Uingereza, Australia na New Zealand, vifo vya pumu vilipanda ghafla wakati inhela zenye isoprenalini kali zilipoenea. New Zealand ikapigwa tena na wimbi jingine kuanzia 1976. Mwaka 1989 watafiti wa huko, miongoni mwao Julian Crane, Neil Pearce na Richard Beasley, wakachapisha katika jarida la Lancet utafiti uliohusisha vifo hivyo na fenoteroli, inhela ya kufungua kifua iliyokuwa ikipendwa mno nchini mwao. Walishambuliwa kwa maneno kila upande, lakini dawa hiyo ikabanwa na vifo vikashuka. Salbutamoli tunayoijua si fenoteroli, na msikimbilie kutupa inhela zenu chooni. Fundisho lililobaki ni kwamba dawa ya kufungua kifua pekee humpa mtu ujasiri asioustahili. Anajisikia mzima, kumbe uvimbe unaendelea na shughuli zake.

Jopo la kimataifa la mwongozo wa pumu, GINA, lililoundwa mwaka 1993, limeliweka jambo hili katika hesabu ambayo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza. Kopo moja la bluu lina mipulizo 200. Mtu anayemaliza makopo matatu au zaidi kwa mwaka yuko katika hatari kubwa zaidi ya kuzidiwa. Anayefikia 12, yaani kopo kila mwezi, hatari yake ya kufa imepanda. Sasa nenda kwa kemisti sokoni. Kijana wa kaunta hatakuuliza la mwisho ulilichukua lini. Atakuuliza, "Moja au mbili, Mwalimu? Ukichukua mbili nakupunguzia." Katika biashara nyingine yoyote ningemshukuru.

Na wenye inhela angalau wana nafuu. Wapo wanaonunua vidonge vya salbutamoli, vinavyohesabiwa na kufungwa kwenye karatasi, kwa sababu ni vya bei ya chini na havina fedheha ya kupuliza kitu mbele ya watu. Dawa inapita tumboni, inazunguka mwili mzima kabla ya kufika kifuani, na njiani inamtetemesha mtu mikono na kumdundisha moyo. Mtu anashindwa kushika kikombe cha chai, lakini anakuambia dawa ni kali, anaisikia ikifanya kazi.

Turudi kwenye ile ya kuzuia. Steroidi ya kuvuta iliingia sokoni mwaka 1972. Kwa hiyo kwa zaidi ya nusu karne madaktari wamekuwa wakirudia wimbo mmoja: vuta asubuhi, vuta jioni, kila siku, hata ukiwa mzima. Na kwa muda huohuo wagonjwa wamekuwa wakiitikia kwa kichwa, wakifika nyumbani wanaitumia mpaka kikohozi kikome, halafu inapandishwa juu ya kabati ikae na betri zilizokufa na funguo za kufuli zilizopotea. Tusidhani ni Mwala peke yake. Wazungu wenye bima, barabara za lami na maji yanayotoka mferejini kweli, nao ni vivyo hivyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta: maneno haya yameandikwa kwenye kuta za zahanati nyingi, na nyingine nimeona kuta zenyewe zina ufa.

Ndipo watafiti wakafanya jambo ambalo mimi, niliyeshinda darasani nikiwaambia watoto jambo lilelile mpaka koo likakauka, sikuwahi kulifikiria. Waliacha kuhubiri. Walichukua formoteroli, inayofungua kifua kwa haraka lakini hudumu hadi saa 12, wakaichanganya na steroidi iitwayo budesonaidi ndani ya inhela moja, wakamwambia mgonjwa: wewe vuta ukibanwa tu. Mgonjwa anakimbilia nafuu, na kila anapoikimbilia anameza kinga bila kuombwa. Walijua hatutamwita fundi kiangazi, wakamfungia fundi ndani ya karai.

Matokeo ya utafiti mmoja mkubwa, SYGMA 1, yalitoka mwezi Mei 2018 katika jarida la New England Journal of Medicine. Watu 3,849 wenye pumu isiyo kali, wa kuanzia miaka 12, walifuatiliwa kwa mwaka mmoja. Waliotumia mchanganyiko huo wakibanwa walipata mashambulizi makali machache kwa asilimia 64 kuliko waliotumia dawa ya kufungua kifua peke yake. Na ili mtu asijue yuko kundi gani, wote walipewa pia inhela ya asubuhi na jioni, baadhi yao ikiwa haina dawa ndani. Hebu fikiria uamke mapema mwaka mzima, unawe uso, uvute hewa tupu kwa heshima na taadhima. Mimi ningedai posho.

Najua msomaji mkorofi ameshainua mkono: nani alilipia? Swali zuri, kaa chini. Utafiti huo ulilipiwa na AstraZeneca, ambao ndio wenye inhela hiyo, na nyusi zangu zilipanda kama zako. Lakini mwaka 2019 Beasley yuleyule wa New Zealand na wenzake walichapisha mwingine, PRACTICAL, uliogharamiwa na baraza la utafiti wa afya la nchi yao. Watu wazima karibu 900 wenye pumu nyepesi au ya wastani waligawanywa. Kundi moja likapewa mchanganyiko wa kuvuta wakibanwa tu. Kundi la pili likaambiwa livute steroidi kila siku, na dawa ya kufungua kifua pembeni ya kuokolea. Kundi la kwanza, lile la wavivu, lilipata mashambulizi makali machache kwa asilimia 31. Soma tena sentensi hiyo polepole. Uvivu uliopangwa vizuri uliishinda bidii iliyohubiriwa. Mwaka huohuo GINA ikageuza mwongozo wake: mtu mzima, au kijana wa kuanzia miaka 12, asitibiwe tena kwa ile ya kufungua kifua peke yake.

Kabla hujavaa viatu kukimbilia kemisti, nina maneno machache ya kukutuliza. Si kila inhela ya mchanganyiko hutumiwa hivyo. Lazima iwe na formoteroli, kwa sababu zipo nyingine, kama zile zenye salmeteroli, ambazo hazifungui kifua upesi na hazikufai ukibanwa. Ina kiwango cha juu kwa siku, na mwenye kukuambia ni daktari, si mimi wala kijana wa bodaboda. Mwenye pumu kali bado atavuta asubuhi na jioni, apende asipende. Aliyezoea ya kahawia asiiache eti kwa sababu Mwalimu ameandika. Na mtu anayeshindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, au ambaye midomo imeanza kubadilika rangi, hasomewi makala. Anakimbizwa hospitali.

Jambo jingine linaloninyima raha ni jinsi tunavyoitumia hiyo inhela yenyewe. Jirani yangu huielekeza mdomoni, hubonyeza mara mbili kwa hasira, wingu lote linatokea puani, kisha ananiambia dawa za siku hizi ni feki. Utaratibu si mgumu. Tikisa. Toa pumzi yote nje. Weka mdomo vizuri, anza kuvuta polepole ndipo ubonyeze, endelea kuvuta mpaka kifua kijae, halafu shika pumzi kwa kuhesabu hadi 10. Ikiwa ni ya steroidi, sukutua maji na uteme, usije ukaota utando mweupe mdomoni ukasema umerogwa. Jirani huyohuyo hupima kama kopo limekwisha kwa kulitumbukiza kwenye beseni la maji, likizama anasema lina dawa. Haina maana. Gesi ya kusukuma hubaki hata dawa ikiisha, kwa hiyo kopo linaweza kupuliza kwa ushujaa na ndani hamna kitu. Hesabu mipulizo yako, au nunua yenye kidirisha cha namba.

Kwa wasioweza kuvuta na kubonyeza kwa pamoja, kuna kifaa cha kuunganisha inhela na mdomo, ambacho bei yake madukani inaweza kukubana kifua kuliko vumbi. Hapo pia mtu alifikiri. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha, katika jarida la Lancet, kwamba kwa watoto waliobanwa na pumu, chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita ilifanya kazi sawasawa na kifaa cha dukani. Unapasha motoni waya uliokunjwa kwa umbo la mdomo wa inhela, unatoboa tundu kwenye kitako cha chupa, unachomeka inhela ikaze, mgonjwa anavutia kwenye shingo ya chupa. Nilipoitengeneza ya kwangu, mjukuu alikaa nami kwa makini yote, akaniangalia nikitoboa, nikisugua kingo, nikijaribu. Mwisho akauliza swali moja tu la kisayansi: "Babu, na soda ilikuwa ya nani?"

Sasa bei, maana najua ndipo mlipokuwa mkiningoja. Ya bluu ni ya mamia ya shilingi. Ya mchanganyiko wenye formoteroli ni ya elfu na zaidi, na katika duka la soko la kawaida mara nyingi jibu ni "hiyo mpaka tuagize". Kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imo, imeandikwa vizuri kabisa. Lakini orodha haivutwi. Mwaka 2019, kwa hesabu ya shirika hilohilo, pumu iliua watu 455,000 duniani, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani sisi tunaoweza kununua karai na si fundi. Watafiti walimaliza kazi yao. Waliuona ukaidi wetu, wakautii. Iliyobaki si kazi ya maabara. Ni kazi ya mwenye bajeti kuiweka ya mchanganyiko palepale ilipo ya bluu, kwa bei inayokaribiana nayo, ili mkono wa mtu aliyebanwa uangukie iliyo bora bila kufikiri. Kumwambia mtu anayehema achague kwa busara ni kumwonea.

Na hapo ndipo ninapomfikia shemeji yangu wa Wamunyu.

Wamunyu ni kwetu, ndani ya Mwala hii hii, na ulimwengu unaijua kwa vinyago. Mutisya Munge alikwenda Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akaona wachongaji wa huko wanavyofanya, akarudi na ufundi huo nyumbani, na tangu hapo twiga, vifaru na Wamasai wa mbao wametoka hapa hadi viwanja vya ndege vya nchi ambazo sitazifikia. Shemeji ni wa kizazi cha juzi cha kazi hiyo. Hushinda amekaa chini ya kibanda cha mabati, gogo katikati ya miguu, tezo ikilia. Tezo si tatizo. Hutoa vipande vikubwa vinavyoanguka chini. Tatizo ni msasa. Msasa hutoa vumbi laini lisiloanguka, linaloning'inia kwenye mwanga wa jua na kukaa kwenye kope, na vumbi la mbao ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuamsha pumu kazini. Magogo ya muhugu na mpingo siku hizi ni ya shida, kwa hiyo huchonga hata mwarobaini. Anausugua mchana kutwa, anakohoa, halafu jioni anachemsha majani ya mwarobaini kutibu kikohozi. Mti mmoja umempa ugonjwa, kazi na dawa.

Nilimwendea nikiwa nimejiandaa na maelezo yote niliyowaandikia hapa. Nikamwambia asogee upande upepo unakotokea, avae barakoa inayoshika vumbi laini, si ile ya kitambaa iliyobaki tangu Korona. Akakubali. Nikamwambia aachane na vidonge vya karatasi. Akakubali. Nilipofika kwenye inhela, aliuliza kama hizo steroidi si zile za wainua vyuma. Nikamweleza kwamba hizi ni za jamii nyingine, hupimwa kwa vipimo vya sehemu ya milioni ya gramu, na huenda moja kwa moja kwenye mirija. Akasema amefurahi kujua. Kisha akaweka msasa chini na kunipiga swali ambalo ukoo mzima umekuwa ukiniuliza kwa namna mbalimbali:

"Lakini Mwalimu, leo si napumua? Nikiinunua leo, namtibu nani?"

Mbele yake alisimama twiga mrefu wa oda, karibu anifike kifuani. Gogo lake nilikuwa nimeliona kwenye matembezi ya nyuma: limewekwa kivulini, limefunikwa magunia, lisikauke kwa pupa likapasuka. Sasa alikuwa akimpaka rangi ya viatu, anamsugua kwa kitambaa, anarudia tena shingoni, anasogeza uso karibu kutafuta nyufa ambazo hazikuwepo.

"Shemeji," nikamwambia, "huyu twiga hajapasuka. Magunia yalikuwa ya nini?"

Akamtazama twiga, akanitazama mimi. Akakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetafuta muda.

"Huyu twiga ana mnunuzi," akasema.

Sikuwa na jibu, na mwalimu asiye na jibu huangalia saa. Nilipokuwa nikiaga alinisindikiza mpaka barabarani, kwa heshima zote, akanisaidia kusimamisha matatu, na mlango ulipokuwa ukifungwa akainama dirishani.

"Hiyo inhela nimeielewa sana, Mwalimu. Wewe nitumie tu kwa M-Pesa nikainunue kesho. Na usisahau ya kutoa."